Ombi la Hati Kwamba Jumatano Ile Zonda Ilivuma

Kwa Mheshimiwa Nicanor Pedernera,
Meya wa Villa Membrillar.

Kutoka kwa Ermelinda Tejada, mjane, mshonaji wa makoti meupe ya shule, nyumba ya mwisho upande wa mlimani.

Mheshimiwa Meya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshakula, na umeshaamka usingizi wa mchana, maana sote tunajua kabla ya saa kumi na moja hutaki kusikia la mtu. Mimi pia sijambo, isipokuwa kwa jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu na kuyaacha makoti ya watoto wa darasa la kwanza bila vifungo.

Naomba ofisi yako inipe hati, yenye mhuri na sahihi yako, inayothibitisha kwamba Jumatano iliyopita, mchana, upepo wa Zonda ulivuma katika mji wetu.

Najua ukimaliza kusoma barua hii utasema, "Lakini Bi Ermelinda, haukuvuma." Najua haukuvuma. Kama ungevuma nisingehitaji hati.

Wewe ni mtoto wa hapa hapa, tena koti lako la kwanza la shule nililishona mimi, na mikono ilikuwa mirefu kwa sababu mama yako alisema utakua. Kwa hiyo sihitaji kukufundisha Zonda. Inashuka kutoka mlimani moto moto, kama mtu kafungua tanuri la mkate usoni pako. Vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Tunafunga madirisha, tunaziba chini ya milango kwa matambara mabichi, shule zinafungwa, vichwa vinatugonga, na kila mtu anamwona mwenzake adui. Ndiyo maana tangu enzi za bibi zetu ni desturi hapa kwamba anayoyasema mtu Zonda ikivuma hayahesabiwi. Mke akimrushia mumewe sahani, ni Zonda. Mtu akimpasulia jirani yake ukweli aliouficha tangu Pasaka, ni Zonda. Kesho yake wanakutana kwa mwokaji, wanaulizana hali ya kichwa, yameisha. Hata wewe uliwahi kusimama jukwaani siku ya Zonda ukaahidi lami mtaani kwetu, na kwa jinsi tunavyokupenda hakuna hata mmoja aliyekudai.

Sasa nije kwa jirani yangu, Bwana Baudilio Arancibia.

Unamfahamu. Ndiye aliyekuwa akitengeneza mabasi yetu mpaka alipostaafu, mjane kama mimi, mtu mpole, mikono kama makoleo. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ukuta mmoja tu. Watu wengine wakistaafu hupanda nyanya. Yeye kajenga injini ya jeti. Aliijenga bandani kwake, nyuma ya banda la kuku, kwa tabo ya lori bovu la kubebea zabibu, yaani kile kipangaboi cha chuma kinachosukumia hewa kwenye injini, na mtungi wa gesi uliokwisha gesi, na mabomba, na plagi ya pikipiki, na mafuta ya taa. Nilipomuuliza itabeba nini, akasema haibebi kitu. Nikamuuliza itakwenda wapi. "Haiendi popote, nimeifunga kwa minyororo mezani." Sasa ni ya nini, Baudilio? Akanitazama kama niliyeuliza mtoto mchanga ni wa nini. "Maisha yangu yote nimetengeneza vitu vya kuwapeleka watu kazini," akasema. "Hii ni ya kuvuma tu."

Basi, kwa heshima zote, naomba kuyapanga malalamiko yangu kwa namba, ili karani wako asije akasema hayaeleweki.

Kwanza. Kifyonza vumbi changu.

Injini ya namna ile haiwaki kama redio. Lazima kwanza kile kipangaboi kizungushwe kwa upepo wa kuazima mpaka kipate kasi, ndipo unafungua mafuta, unawasha plagi, na ukibahatika moto unashika na chuma kinaendelea kujizungusha chenyewe bila msaada wa mtu. Upepo wa kuazima aliuazima kwangu. Nilimpa kifyonza vumbi kikiwa kinafyonza, kimerudi kinapuliza, kwa sababu alikigeuza tumbo. Jumamosi nilikiwasha kusafisha chini ya kitanda, kikanitapikia usoni vumbi la tangu enzi za marehemu Olegario wangu.

Naongeza kwamba kwa muda mrefu ile injini haikushika. Ilikuwa inakohoa, inatema ndimi za moto, inakufa. Kila ikifa Bwana Baudilio alikuja ukutani kuniletea habari. "Leo imekohoa vizuri zaidi, Ermelinda." Nami namjibu, "Ipe asali basi." Kisha tunakunywa yerba, ile chai yetu chungu ya majani, kibuyu kimoja kinakwenda na kurudi juu ya ukuta, yeye upande wake na mimi upande wangu, nimepanda juu ya ndoo ya kufulia kwa sababu Mungu alinikadiria urefu. Siku moja alikuja hana nyusi. Nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye ndoo, naye akauruka ukuta kuja kuniinua, mzee yule! Nayaeleza haya ili uone kwamba mimi ni jirani mwema. Si kwamba nilikuwa nakwenda ukutani kumsubiri.

Pili. Saa, na upande.

Ipo amri ya munisipali, na sahihi ni yako, kwamba chochote kitakachonguruma saa za usingizi wa mchana kitachukuliwa na hakitarudishwa. Ni kwa amri hiyo ulimnyang'anya kinyozi tarumbeta lake, na mpaka leo anakunyoa kwa kinyongo, nenda kajitazame kisogo. Bwana Baudilio anaijua amri. Lakini anasema hizo ndizo saa pekee ambazo hakuna mtoto anayecheza karibu na banda lake, na mafuta ya taa si kitu cha kuchezea. Hilo nilimkubalia.

La upande sikumkubalia. Bomba la kutolea moto alilielekeza mjini, kwenye uchochoro wenye vumbi, kwa sababu upande wa pili kuna kuku wake na hakutaka wapate hofu. Kuku wasipate hofu! Mji mzima, sawa.

Sasa fikiri, Mheshimiwa. Ni Agosti, mwezi wa Zonda. Nyumba zetu ni za mwisho upande wa mlimani, uleule ambako Zonda hutokea. Watu wameshiba, wamelala, madirisha wazi. Mara kutoka upande wa mlimani unakuja mngurumo wa kutetemesha vikombe kabatini, na hewa ya moto, na vumbi la uchochoro mzima limesimama juu ya mapaa. Nani angefikiri ni mstaafu na mtungi wa gesi? Mtangazaji wa redio yetu alichungulia dirishani, akatangaza Zonda bila hata kuvaa viatu. Shule ilifungwa. Matambara mabichi yakajaa chini ya milango. Mimi mwenyewe, nakuapia, nilipata kichwa kuuma, tena cha kweli, hadi nikafunga kitambaa.

Tatu. Nililosema.

Hapa naomba karani atoke nje.

Nilikimbilia uani kuanua makoti. Yalikuwa yamesimama hewani, kamba nzima, kama yana watoto ndani. Nikapanda juu ya ndoo nimwambie jirani afunge madirisha, na nikamwona anatoka bandani. Hana kofia. Uso mweusi tii kwa masizi, isipokuwa miduara miwili ya miwani. Amekikumbatia kifyonza vumbi changu kifuani na anaruka, Mheshimiwa, anaruka kama beberu! Nikapiga ukelele, "Baudilio, Zonda! Funga madirisha!" Wala hakujibu la madirisha. Alikuja mpaka ukutani, akapaza sauti, na kila neno nililisikia sawasawa.

"Inajiendesha yenyewe, Ermelinda! Nimekiondoa kifyonza na bado inavuma! Kubali nikuoe!"

Nikajua Zonda imemwingia kichwani.

Sasa jiweke mahali pangu. Upepo unavuma. Hakuna linalohesabiwa. Mwanamke wa umri wangu anapata nafasi ngapi za namna hiyo? Nikasema. Nayaandika kama nilivyoyasema, maana mtaa mzima umeshayapata na wengine wameyatia chumvi. Nilisema, "Ndiyo! Ndiyo, wewe mzee mzito wa kuelewa! Nimechoka kunywa yerba ukutani kama mfungwa na mgeni wake! Ungeniuliza kabla hata hujaiokota hiyo tabo!" Nikamwambia kwamba mluzi wake wa asubuhi akichomelea vyuma ndio unaonitoa kitandani. Nikamwambia asiponiuliza mara ya pili nitamwuliza mimi. Nikamshika masikio yote mawili, nikambusu kwenye paji la uso, penye masizi, kisha si kwenye paji tu.

Naye, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akasema, "Ngoja niizime nikusikie vizuri." Akaingia ndani, akafunga bomba la mafuta.

Na upepo ukaisha.

Mheshimiwa, wewe unaijua Zonda. Huchoka kidogo kidogo, jioni inageuka baridi, usiku inalala. Haiishi kama taa iliyozimwa. Makoti yote yalining'inia kwa pamoja. Vumbi likatua. Kuku wakaanza kuzungumza. Na mimi niko juu ya ndoo, midomo myeusi, nikiwa katikati ya sentensi, kwa sauti ileile ya kushindana na upepo, na neno lililokuwa mdomoni mwangu wakati huo lilikuwa "mpenzi". Lilisikika mpaka kwa mwokaji. Ndani ya nyumba zile, nyuma ya madirisha yaliyofungwa, nikasikia mtu anakohoa kwa heshima.

Nilishuka kwenye ndoo nikaingia ndani nikafunga mlango. Niliziba hata chini yake kwa tambara bichi, sijui kwa nini.

Nne. Kidaraja.

Asubuhi yake nilikuta upande wangu wa ukuta kuna kidaraja cha mbao, kimepigwa randa vizuri, na kishikio, ili nisipande tena juu ya ndoo. Sikumwomba. Tena kinanitosha kabisa, hata goti langu bovu halikulalamika. Naomba ofisi yako itambue kwamba hili pia ni la kulalamikiwa, kwa sababu mtu anayetengenezewa kidaraja atawezaje kusema kwamba hakumaanisha?

Tano. Wengine.

Usidhani naomba hati kwa nafsi yangu tu, huo ungekuwa ubinafsi. Jumatano ile watu wengi walizungumza. Padri Evaristo alimwambia mpiga kinanda kwamba Mungu ana subira lakini yeye hana. Mtangazaji wa redio alidhani amezima kipaza sauti, akaeleza anavyouona wimbo wa timu yetu. Na wewe, Mheshimiwa, mlangoni kwa mwokaji, ulimwambia mama mkwe wako, Bi Praxedis, kwamba empanada zake, zile sambusa za kuoka, ni kavu, kwamba Jumapili zote hizo ulikuwa ukimpa mbwa chini ya meza, na kwamba sasa hata mbwa amekataa.

Bi Praxedis alivumilia. Alisema, "Zonda hiyo, mwanangu, nenda kalale." Nilikuwa naye Ijumaa akijaribu gauni, na bado anavumilia, ila anauliza uliza. Aliniuliza kama nami nimeona Zonda gani ile isiyofuatwa na baridi ya jioni. Nikameza pini, karibu.

Kwa hiyo fikiri vizuri. Hati ikitoka, Zonda ilivuma, nawe ulikuwa unaumwa kichwa. Hati isipotoka, ulikuwa mzima wa afya na akili zako timamu, na mama mkwe anaishi chumba kinachofuata. Mimi simtishi mtu. Mimi ni mshona makoti.

Sita. Na hili ndilo lenyewe.

Alhamisi nilipanda kile kidaraja, nikamwambia jirani yangu kwa adabu kwamba yale ya jana yalikuwa ya Zonda na asiyaweke moyoni. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alikuwa anafuta spana kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hiyo hiyo moja.

"Hapakuwa na Zonda, Ermelinda. Ilikuwa injini."

Nikamwambia nani anayejua? Mimi na yeye tu. Tukae hivyo hivyo, kwa sababu akitamka kwamba ilikuwa injini, na saa zile, Nicanor ataichukua kama alivyochukua tarumbeta.

"Aichukue," akasema.

Aichukue! Mheshimiwa, huyu ni mtu aliyelala na beringi za ile tabo chini ya mto zisiingie vumbi. Aliyetoboa matundu ya bomba la moto moja moja kwa mkono, akayaona hayafai, akatupa bomba, akaanza lingine. Aliyepoteza nyusi na kuzisubiri zirudi, zikarudi, akazipoteza tena. Siku ile iliposhika moto ikajiendesha yenyewe, sijawahi kuona furaha ya namna ile kwa mtu mzima, na mimi nimehudhuria harusi nyingi, mbili zikiwa zangu kama ningehesabu na hii. Futa hiyo. Karani asiiandike hiyo.

Anasema Ijumaa hii ataibeba kwenye mkokoteni mpaka ofisini kwako, ataiweka mezani, ataungama mbele yako na mbele ya Padri kwamba Jumatano hapakuwa na upepo wowote ila wake, na kwa hiyo alilosema Ermelinda Tejada ni halali na lina nguvu. Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia atabaki na banda tupu. Akasema, "Nitabaki na banda tupu na ndiyo yako. Nimeshapiga hesabu."

Nimekasirika, Mheshimiwa. Sijalala mchana tangu siku hiyo, nami sijawahi kukosa kulala mchana hata siku ya kumzika Olegario. Sitaki mtu anitolee kitu cha namna hiyo. Mimi ni nani? Ndiyo yenyewe niliipiga ukelele nikiwa juu ya ndoo, nikidhani haihesabiwi, na yeye anataka kuilipia kwa kitu alichokipenda kuliko usingizi. Si haki. Nikiusikia ukimya ule wa bandani kwake, uzi hauingii kwenye tundu la sindano.

Ukiangalia yote hayo kwa jicho la utawala bora, utakubali kwamba hati yangu inamaliza kila kitu kwa mhuri mmoja. Zonda ilivuma Jumatano. Kwa hiyo injini haikuvuma. Kwa hiyo amri haikuvunjwa na hakuna cha kuchukuliwa. Kwa hiyo Padri anaumwa kichwa, redio inaumwa kichwa, wewe unaumwa kichwa, empanada ni laini. Na mimi sikusema nilichokisema, Bwana Baudilio hadaiwi na hadai, anabaki na injini yake, nami nabaki na ukuta wangu. Kila mtu anapata chake.

Ukiona vigumu kuandika kwamba upepo ulivuma ilhali kipimo cha upepo kilicho juu ya paa lako hakikuonyesha kitu, nakukumbusha kwamba kipimo hicho kina kiota cha njiwa ndani yake tangu ulipochaguliwa. Hakiwezi kuwa shahidi.

Na kama lazima Ijumaa umpokee na mkokoteni wake, basi nakuomba kama mtu aliyekushonea koti: mwambie mbele ya watu wote kwamba amekosea, kwamba uliusikia upepo kwa masikio yako, na umrudishe nyumbani na kitu chake. Uwe mkali kidogo. Akilia usimtazame, ni mtu wa haya.

Nafunga hapa kwa unyenyekevu wote unaostahili cheo chako. Nisalimie mkeo, na watoto, na karani ambaye natumaini bado yuko nje. Msalimie Bi Praxedis, umwambie gauni limekamilika na kiuno nimekipa nafasi kama alivyotaka bila kusema. Msalimie kinyozi, umrudishie tarumbeta lake. Wasalimie njiwa.

Wako katika utii wa sheria,
Ermelinda Tejada, mjane wa Olegario.

Nimesahau: Barua hii nilikuwa nimeshaibandika, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Leo ni Jumanne, asubuhi. Nilikuwa nakuja kukuletea kwa mkono wangu, nikafungua lango, nikamkuta Bwana Baudilio njiani na mkokoteni. Hakuweza kusubiri Ijumaa. Injini ameifunika blanketi lake la kitandani, ameifunga kamba kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, na amevaa suti.

Mheshimiwa, nilitazama kwanza hewa. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Moshi wa mwokaji ulikuwa umenyooka kwenda juu. Makoti kambani yamekufa. Mzeituni wangu, ambao jani lake hutikisika hata paka akipita, hautikisiki. Nikasimama chini, miguu yote miwili ardhini, bila ndoo na bila kidaraja, nikamwambia geuza mkokoteni. Akasema hawezi, mpaka neno langu lihesabiwe. Basi nikayasema yote tena. Yote, kwa sauti ya kawaida, taratibu, kuanzia mzee mzito mpaka lile la mwisho, na lile la mwisho nikalisema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anapenga kamasi. Majirani walikuwa milangoni na mifagio yao, na hakuna aliyefagia.

Tukausukuma mkokoteni pamoja kuurudisha bandani. Ni mzito, sikujua.

Kwa hiyo yale yote niliyoyaandika hapo juu, kwamba sikumaanisha, na kwamba nataka kubaki na ukuta wangu, yafute kwa wino mzito. Ukuta unabomolewa Jumamosi. Siku ya harusi utasikia mngurumo kutoka upande wa mlimani, na vumbi, na joto. Funga madirisha kama wenzako, na uchunge ulimi mbele ya mama mkwe.

Hati bado naihitaji, ila sasa naomba mbili. Moja iseme kwamba Jumatano ile Zonda ilivuma; hiyo kaa nayo wewe, itakufaa nyumbani. Nyingine iseme kwamba leo Jumanne, mtaani kwetu, hapakuwa na upepo hata wa kutikisa uzi. Hiyo uigonge mhuri kwa nguvu, uniletee mimi.